Mashine ya kumrushia kipa mipira: mbona kila mpira unatua kwake?

Pweza wa Shangani
Jumapili, saa 1:40 usiku

Wakuu, Mtwara kuchele. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti na madirisha ndiyo yanayonilisha, na msimu wa korosho ukikaribia natengeneza na kukarabati matoroli. Zamani nilikuwa kipa wa timu za mtaani. Jina la Pweza nilipewa kwa ajili ya mikono. Mikono bado ipo, ila goti la kulia liliondoka na ujana.

Nina mpwa wangu, binti wa dada, yuko kidato cha pili na anadaka timu ya shule. Mnajua kwetu huku mjomba hakwepi mzigo, kwa hiyo jioni nikifunga karakana tunakwenda wote uwanjani. Mipira ya chini anaiweza, penati ana moyo nayo. Kinachomshinda ni krosi inayotoka upande wa kushoto kwake. Anatoka golini, anasita, anarudi, mpira unampita juu ya vidole. Nimemwangalia miezi miwili na sijui kosa linaanzia wapi, kwa sababu hakuna krosi mbili zinazofanana. Nikipiga mimi, wa kwanza unakwenda nguzo ya pili, wa pili unamfuata muuza mihogo, na kufika wa kumi goti limevimba. Nikimwomba kijana wa bodaboda anisaidie, anapiga kwa sifa, kila mmoja anataka uwe goli.

Nataka mpira uleule, palepale, mara ishirini. Basi.

Nikaunda mashine. Magurudumu mawili ya toroli yenye tairi za upepo, kipenyo sentimita 38, yamesimama kushoto na kulia yakitazamana, moja linazunguka hivi na jingine vile, mpira unapita katikati na kutemwa mbele. Kila gurudumu lina mota yake ya pampu ya maji, nusu hospawa, kibandiko kinasema mizunguko 2,850 kwa dakika. Kwenye mota nimeweka puli ya inchi 2, kwenye gurudumu puli ya inchi 8, mkanda wa kawaida wa V. Fremu ni bomba la mraba la inchi moja na nusu, na nyuma kuna mguu wa kupandisha na kushusha. Nafasi kati ya tairi na tairi ni sentimita 20. Mpira nausukuma kwa mkono kutoka nyuma.

Siku ya kwanza niliijaribia uani na ikavunja kile kikono cha dishi la jirani. Tumeyamaliza. Siku ya pili nikasema nipunguze kasi, nikaunga kile kidude cha kurekebisha feni ya dari. Mota ikaunguruma kama fisi, haikushika mwendo, kisha ikaanza kutoa harufu. Nikazima haraka. Siku ya tatu nikaenda uwanjani, nikavuta waya kutoka nyumba ya rafiki yangu, nikategesha mdomo nyuzi 30 hivi, nikarusha mipira 20, mpwa wangu akishika futi kamba.

Mfupi kabisa ulitua mita 11. Mrefu kabisa mita 17 na nusu. Kwa upande, mingi inakata kulia, lakini siyo yote, na kuna mmoja ulikwenda kushoto kana kwamba umeitwa. Nimenyoosha fremu mara tatu, nimepima kwa kamba, nimepima kwa bomba la maji kama wafanyavyo wajenzi. Fremu iko sawa. Wiki ya tatu sasa natafuta kosa kwenye chuma silioni.

Mnaojua mambo haya, nianzie wapi? Na tafadhali msiniambie ninunue ya dukani. Bei nimeiona, nikacheka peke yangu.

---

Korosho Ghafi
Jumapili, saa 1:58 usiku

Mkuu hiyo mashine haina shida yoyote, inapiga kama mawinga wetu wa kweli. Enzi Ndanda iko ligi kuu, pale uwanja wa Nangwanda Sijaona nilishuhudia krosi zikienda hivyohivyo, na watu walikuwa wanalipwa.

---

Fundi Mitambo wa Masasi
Jumapili, saa 3:20 usiku

Pweza, pole na hongera. Nimefanya kazi ya mashine za kubangua korosho miaka mingi, na hii yako ni ndugu yake: kitu cha duara kinapita kati ya vitu viwili vinavyozunguka, na kila punje inataka kutoka na tabia yake.

Kwanza nijibu hiki: mpira ukishatoka una michirizi myeusi ya tairi? Mifupi au mirefu? Pande zote mbili au upande mmoja? Hapo ndipo siri ilipo, siyo kwenye kamba yako.

Wakati nasubiri, niseme ninayoyaona kutoka huku.

Nafasi ya sentimita 20 ni kubwa. Mpira namba 5 una mzunguko wa sentimita 68 hadi 70, maana yake kipenyo ni kama 22. Unaubana sentimita mbili tu, moja kila upande. Tairi linauparuza, haliushiki. Jaribu 17 na nusu. Usishuke sana, maana mpira utakuwa chapati, utatoka na nguvu pungufu na utachakaa haraka.

La pili, hesabu ya kasi. Mizunguko 2,850 ukigawa kwa nne ni kama 712 kwa dakika. Zidisha kwa mzunguko wa tairi la sentimita 38, gawa kwa 60, unapata mita 14 na kidogo kwa sekunde. Kwa lugha ya barabarani ni kilomita 51 kwa saa. Sasa niambie, toroli gani lilishawahi kukimbia kilomita 51 kwa saa? Gurudumu hilo limeumbwa kubeba zege kwa mwendo wa mtu aliyechoka. Ndani lina bushi tu, pengine hata grisi haina. Toa bushi, weka shafti ya milimita 20 na beringi 6204, zinapatikana hata kwa wauza spea za pikipiki. Halafu lining'inize lizunguke lenyewe taratibu: likisimama kila mara upande uleule uko chini, upande huo ni mzito, tia kipande cha madini ya risasi upande wa pili.

La tatu ni uzito. Gurudumu lako lina kama kilo mbili na nusu, siyo? Kwa mwendo huo, kwa makadirio yangu, limebeba nishati ya jouli 160 au zaidi kidogo. Mpira wa gramu 430 ukitoka na mita 14 kwa sekunde unaondoka na jouli 42, na kuna nyingine zinapotea kwa kubonyea na kuteleza. Ukijumlisha magurudumu mawili bado mpira umechota fungu zuri la akiba. Gurudumu linapunguza mwendo, na ukitia mpira wa pili kabla halijarudi, huo wa pili utakuwa mfupi. Ongeza uzito ukingoni na subiri sekunde nne au tano kati ya mpira na mpira.

Na kidude cha feni kitoe kabisa. Mota ya pampu ina kapasita, haitaki kupunguziwa umeme namna hiyo. Ukitaka kasi nyingine badili puli. Ndiyo maana Mungu aliumba puli za saizi tofauti.

Kava umeweka? Hujaitaja.

---

Pweza wa Shangani
Jumapili, saa 3:47 usiku

Fundi, umenipiga pa kunipiga. Nimekwenda kuangalia kwa tochi. Michirizi ipo, upande mmoja mirefu kama kiganja, upande wa pili mifupi kama kidole. Na nilipobonyeza tairi kwa gumba, la kulia limelegea kuliko la kushoto! Lina kipancha cha kuvuja polepole. Yaani mimi fundi wa matoroli.

Kava sijaweka. Naogopa kusema kwa nini: nilikuwa nataka kuona inavyozunguka.

---

Ticha wa Fizikia, Lindi
Jumatatu, saa 12:15 asubuhi

Habari za asubuhi wote. Nimesoma kabla ya kipindi, nimeshindwa kunyamaza.

Mjomba Pweza, hilo tairi lililolegea linaeleza kukata kwako kulia. Tairi lenye upepo mdogo likibanwa na mpira linabonyea zaidi, kwa hiyo uso wake unaougusa mpira unakuwa karibu zaidi na shafti na unakwenda polepole. Ukisimama nyuma ya mashine, gurudumu la kushoto likiwa na kasi kuliko la kulia, ubavu wa kushoto wa mpira unasukumwa mbele zaidi, mpira unatoka ukijizungusha na kukata kulia. Ni jambo alilolieleza Mjerumani Gustav Magnus mwaka 1852, na ndilo Roberto Carlos alilolifanya kwa mguu wa kushoto dhidi ya Ufaransa pale Lyon mwaka 1997. Siku ukitaka krosi inayokata kuingia golini, utalegeza tairi moja kwa makusudi. Kwa leo yalinganishe.

Lakini mimi nina ugomvi na jaribio lako. Umerusha kwa nyuzi 30, jioni, mwezi wa saba, Shangani! Huo ni wakati wa kusi, na upepo ukitoka baharini jioni unaweza kuusogeza mpira ulioko hewani bila mashine kuwa na kosa lolote. Halafu nyuzi zenyewe umesema "30 hivi". Hujui kilichobadilika ni kasi, ni pembe, au ni upepo. Hicho ni kipimo cha kangomba, kile cha walanguzi wa korosho, mjomba, mkulima anaondoka analia na hajui kaibiwa wapi.

Fanya hivi. Weka mdomo wa mashine usawa kabisa, tumia pimamaji. Inua mashine mpaka sehemu ya chini ya mpira, pale unapotoka, iwe mita 1 na sentimita 23 kutoka ardhini. Kitu chochote kinachotoka kikiwa usawa kutoka urefu huo kinatumia nusu sekunde kufika chini, kiwe na kasi kiwe hakina. Kwa hiyo pima umbali kutoka chini ya mdomo mpaka kilipotua, zidisha kwa mbili, hiyo ndiyo kasi yake. Ukitua mita 6 na nusu, ulikuwa na mita 13 kwa sekunde. Huhitaji saa, huhitaji kifaa cha trafiki. Hewa inaupunguza kidogo sana kwa umbali mfupi hivyo, usijali. Mwaga majivu pale chini, mpira utaacha alama.

Fanya alfajiri kabla upepo haujaamka, kwenye ardhi iliyo sawa. Rusha kumi, andika yote kumi. Usiandike ile iliyokufurahisha. Kisha badilisha kitu kimoja tu, rusha kumi tena. Ukibadilisha upepo wa tairi na nafasi na beringi kwa mpigo, mashine ikipona hutajua dawa ilikuwa ipi, na ikiugua tena utaanza upya.

Na mipira yenyewe ni mmoja au mingi? Ipime. Sheria inasema gramu 410 hadi 450 mwanzoni mwa mechi.

Kwa kuwa umetaja dishi la jirani: mwaka 1897 kule Princeton, Marekani, mwalimu mmoja wa hisabati, Charles Hinton, alitengeneza mtambo wa kurusha mpira wa besiboli kwa baruti, kama bunduki. Wachezaji waliuogopa. Wewe una mikanda na mota, bado uko upande wa watu wema.

Kengele imelia.

---

Fundi Mitambo wa Masasi
Jumatatu, saa 12:31 asubuhi

Ticha kaongea. Majivu, siyo mchanga wa kumwagia maji. Waya wako wa nje unalala chini, fundi, na mota za pampu zina mwili wa chuma. Hakikisha waya wa ethi umeungwa mpaka kwenye fremu.

---

Boda wa Mikindani
Jumatatu, saa 4:05 asubuhi

Ukimaliza unauzaje? Natafuta ya timu yetu.

---

Mama Timu, Nachingwea
Jumatatu, saa 8:50 mchana

Kaka zangu mmeongea chuma tangu jana, hakuna aliyemuuliza mtoto.

Ninafundisha wasichana, mpira wa miguu na wa pete, na makipa ndio kazi yangu ya moyo. Kipa hatazami mpira peke yake. Anatazama mguu wa mpigaji unavyokuja, nyonga inavyofunguka, kichwa kilivyoinama. Anaanza kusogea kabla mpira haujaguswa. Mashine haina nyonga. Inakaa kimya, mara mpira huu hapa. Ukimzoesha hivyo miezi miwili, utakuwa umemfundisha kusubiri, na kwenye mechi atachelewa vilevile, safari hii kwa sababu yako.

Sikuambii uitupe. Kwa krosi inafaa kuliko kwa penati, maana krosi ina muda hewani. Lakini mweke mtu akimbie kandokando ya mashine na apige hewa mpira unapotoka. Msichana asome mguu, mashine ifanye kazi ya mguu.

Halafu hilo kava. Niliwahi kuona, sitasema wapi, kijana akimpa mwenzake mpira kwenye mtambo wa namna hii huku amevaa jezi ya mikono mirefu. Vidole vilipona, jezi haikupona, na sauti yake sijaisahau. Kaka Pweza, huyo anayekushikia futi ni mtoto wa dada yako. Utamwambia nini dada?

---

Pweza wa Shangani
Jumatatu, saa 9:12 alasiri

Dada, nimekusoma. Sirushi tena mpaka kava liwepo.

---

Pweza wa Shangani
Jumapili, saa 2:30 usiku

Wakuu, nimerudi na daftari.

Kava kwanza, ili Mama Timu alale. Nimetumia wavu wa chuma uliobaki kwenye kazi ya dirisha, umefunika magurudumu, puli na mikanda, umebaki mdomo tu. Swichi moja kubwa nyekundu iko nyuma, inazima mota zote mbili. Ethi imefika kwenye fremu. Na mkono hauingii tena popote, nitawaeleza.

Nikafuata amri ya Ticha, kitu kimoja kwa siku. Nilikuwa naamka na adhana ya alfajiri, mpwa wangu na majivu ya mama ntilie kwenye ndoo, majirani wanadhani tunazindika uwanja.

Siku ya kwanza sikubadilisha kitu, zaidi ya kuziba pancha na kujaza tairi zote kwa geji moja. Mipira kumi, umbali kutoka mita 5.2 mpaka 6.8. Kwa hesabu ya Ticha ni kasi ya mita 10.4 mpaka 13.6. Kukata kulia kulikwisha siku hiyohiyo. Lakini ufupi na urefu ukabaki palepale, nikanywea.

Siku ya pili nikabana nafasi kuwa 17 na nusu. Mifupi ile ya mita 5 ikapotea, ikaanzia 5.9. Michirizi kwenye mpira ikawa midogo, sawa pande zote.

Siku ya tatu beringi na uzito. Hapa nimejisifu kidogo, niruhusuni. Kuchonga duara la chuma lililo sawa kwa grinda ni shughuli, na likiwa halijakaa sawa ndiyo linatikisa zaidi. Nikakumbuka kwenye vyuma chakavu nina diski za breki za gari, mbili zinazofanana. Diski ya breki imeshatengenezwa izunguke sawasawa tangu kiwandani. Nikazifunga kwa boliti nne nne ubavuni mwa magurudumu. Mashine sasa inachukua muda kushika mwendo, inaimba taratibu mpaka inatulia, na ukizima inaendelea kuzunguka muda mrefu, kwa hiyo hata baada ya kuzima haiguswi na mtu. Umbali: 6.1 mpaka 6.9.

Sentimita 80 bado nyingi. Nikakaa nikitazama zile alama kwenye majivu. Mpwa wangu ndiye aliyesema, "Mjomba, ukiwa na haraka unausukuma, ukichoka unauachia." Nikamwambia mtoto shika adabu. Kisha nikamwambia arekodi mkono wangu kwa simu, ile ya polepole. Wakuu, aibu. Mara nausukuma kwa kiganja, mara kwa vidole, mara unaingia umeshazunguka, mara unagusa tairi la kushoto kwanza. Yule mmoja uliokwenda kushoto "kana kwamba umeitwa" niliuita mimi mwenyewe.

Siku ya nne nikachomelea reli: mabomba mawili membamba, urefu sentimita 60, yameinama kuelekea magurudumuni. Mwisho wake wa juu kuna kilimi cha bati kinachozuia mpira. Unavuta kamba, kilimi kinashuka, mpira unaviringika wenyewe. Mkono uko mita moja kutoka kwenye gurudumu lolote. Kwa hiyo Mama Timu na Ticha wote wamepona kwa bomba lilelile.

Mipira kumi: 6.4 mpaka 6.8. Nikapima kama Ticha alivyosema, kwenye mizani ya muuza duka. Kumbe nina mipira mitatu ya makabila matatu. Mmoja gramu 395, umechubuka mpaka kitambaa kinaonekana. Mmoja 430. Mmoja 452 na una nundu. Nikatumia ule wa 430 peke yake, upepo uleule, na tundu la kujazia upepo nikaliweka litazame juu kila mara. Mipira kumi ikatua kati ya 6.60 na 6.75. Ndoo ya majivu ingeifunika yote.

Wiki tatu nilikuwa nanyoosha fremu iliyonyooka.

---

Ticha wa Fizikia, Lindi
Jumapili, saa 2:41 usiku

6.60 mpaka 6.75! Hiyo ni mita 13.2 mpaka 13.5 kwa sekunde. Na hesabu ya Fundi kwa tairi tupu ilikuwa 14 na kidogo, tofauti hiyo ni ya haki, ni kuteleza kidogo na kubonyea na gurudumu kupunguza mwendo. Naomba hilo daftari, nilipeleke kwa kidato cha tatu. Wamechoka na mawe yangu ya kuangusha kutoka ghorofani.

---

Fundi Mitambo wa Masasi
Jumapili, saa 2:55 usiku

Diski za breki. Naiba hiyo. Ila boliti za nne nne hizo weka nati za kujifunga au nati mbili mbili, na uzikague kila unapoanza. Mtikisiko unafungua nati kama mke anayetafuta hela mfukoni, taratibu na bila kelele.

---

Mama Timu, Nachingwea
Jumapili, saa 3:10 usiku

Fundi, acha wake za watu.

Kaka Pweza, na mtoto?

---

Pweza wa Shangani
Jumapili, saa 3:36 usiku

Dada, nilikuwa nangoja uulize.

Leo jioni tumeipeleka pembeni, mita 18 kutoka golini, mdomo nyuzi 40. Yule kijana wa bodaboda mpenda sifa nimempa kazi yako: anakimbia kandokando ya mashine, anapiga hewa, mimi navuta kamba. Mara mbili za kwanza alipiga hewa akaanguka, watoto wote wa mtaa wakacheka, lakini sasa amejifunza na anadai posho.

Mpira wa kwanza mpaka wa tano mpwa wangu alikosa vilevile, na mimi nikakaa kimya. Upepo ulikuwa unausogeza kidogo lakini mara zote ulikuwa unaangukia eneo la hatua mbili. Kwenye wa sita nikaona. Hatua yake ya kwanza ni ya mguu wa kushoto, na anaipeleka nyuma. Siyo woga kama nilivyodhani. Anarudisha mguu ili apate nguvu ya kuruka, halafu inambidi alipe hatua hiyo kabla hajaenda mbele. Nilipokuwa napiga mwenyewe nilikuwa nalitazama goti langu na mpira wangu, mguu wake sikuwahi kuuona.

Nikachora mstari mchangani nyuma ya kisigino chake, nikamwambia usiuguse. Wa saba akaugusa. Wa nane akaugusa. Wa tisa alitoka mbele, akaudaka juu kabisa kwa mikono miwili, akatua nao, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa namzuia siku zote.

Tumefika wa kumi na nne, Luku ya rafiki yangu ikakata. Kesho napeleka hela ya umeme kwanza ndipo niombe kuunga tena.

Boda wa Mikindani, bei bado sijui. Lete mota zako na diski zako, tutaongea ya kuchomelea.

---

Korosho Ghafi
Jumapili, saa 3:49 usiku

Na dishi la jirani?

---

Pweza wa Shangani
Jumapili, saa 3:52 usiku

Limerudi juu. Linashika chaneli mbili zaidi kuliko zamani, ameniomba nisilinyooshe.